Mzee Aulizwe Mwenyewe

Emérithe aliingia siasa kwa hasira. Miaka kumi na tisa aliwaogesha wazee wa Spånga, huko ughaibuni, na kuwavalisha soksi, huku watoto wao wakiwajibia kila swali kana kwamba wenyewe hawapo. Mzee akiulizwa kama anataka chai, binti anajibu hataki. Jambo hilo lilimkera mpaka akagombea udiwani, yeye mwanamke wa Bujumbura aliyepitia kambi za Kigoma. Alishindwa mara mbili, ya tatu akapita.

Katika kamati ya huduma za wazee alipigania kanuni moja tu, miaka minne ya vikao na kahawa chungu. Afisa anayekwenda nyumbani kupima mahitaji ya mzee amuulize mzee mwenyewe, na watoto wakae kimya. Ilipopita alilia. Wenzake wakambandika jina la Mama Kanuni, naye hakulikataa.

Mkuki kwa nguruwe, basi.

Mama yake, Leokadia, ana miaka themanini na minne, anaishi peke yake mtaa wa jirani wa Rinkeby na goti lisilokunjika. Asubuhi na jioni huja mhudumu kumwinua na kumwogesha. Vuli hii ilibidi huduma hiyo ipimwe upya, akaja afisa Lina, binti wa Kitanzania aliyezaliwa hapa hapa, Kiswahili cha kupapasa lakini adabu tele. Akamuuliza bibi anahitaji msaada gani. Leokadia akajibu hana shida, Mungu ni mwema. Anaoga mwenyewe? Anaoga. Anapika? Hapo bibi akajikongoja, akashika meza, akashika ukuta, akaenda kumchemshia mgeni chai ya tangawizi.

Emérithe alikuwa kwenye kochi na koti lake mwilini, maana kikao kilimngoja, akichemka kuliko birika. Alipofungua mdomo, Lina alimkumbusha kwa upole kwamba kanuni haimruhusu kumsemea mzazi. Kanuni yake mwenyewe.

Wiki tatu baadaye barua ikafika. Msaada wa asubuhi umefutwa.

Emérithe alimfokea mama yake kwa mara ya kwanza maishani. Leokadia alishangaa kweli. Mtu mwenye akili zake amtwishe mgeni shida za nyumba, tena siku ya kwanza? Amelelewa wapi huyo?

Diwani hawezi kumpigia afisa simu kwa ajili ya mama yake, angepoteza kiti na heshima. Kwa hiyo familia ikakata rufaa kama familia yoyote, na Lina akarudi. Bibi tena yuko mzima, bibi tena hana neno, na maandazi akamfungashia. Emérithe alitoka nje akalaani vikao vyote alivyowahi kuhudhuria. Lakini Lina hakuwa mjinga. Aliiona mikono ya bibi inavyotetemeka kwenye sahani, akaomba kuja tena Alhamisi.

Alhamisi Leokadia hakuinuka. Alimtazama Lina akivua viatu na koti mlangoni, kama alivyofanya kila mara, akamwita kwa mkono.

"Mwanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo weye ni wa hapa. Njoo uniinue, goti limekufa."

Kisha akayamwaga yote. Sufuria haiwezi. Kuoga peke yake hawezi. Tangu Pasaka ameanguka bafuni mara mbili. Lina alijaza ukurasa mzima na kusema kwamba kwa hali hii msaada wa asubuhi utarudi.

Emérithe angepaswa kushukuru. Badala yake alimgeukia mama yake.

"Mara mbili, Mama? Mbona mimi hukuniambia?"

Leokadia alipuliza chai yake bila haraka.

"Weye unakuja Jumapili, unakaa ukingoni mwa kochi, unatazama saa. Mgeni haelezwi shida."

Emérithe alikuwa amesimama katikati ya sebule, funguo za gari mkononi, na koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote.