Besi Si Kazi ya Mkono wa Kushoto

Mimi sikusoma sana na sitajifanya nilisoma. Niliachia darasa la sita, nikaenda kuchonga mawe kwenye machimbo ya upande wa Juja. Leo niko na duka la vifaa vya ujenzi hapa Kiuu, malori mawili, na nyumba ya mawe kule Mwihoko ambayo ramani yake niliichora mwenyewe kwenye mfuko wa simiti. Haijaanguka. Kwa hivyo nikisema najua kitu, mtu aketi anisikize.

Na besi naijua.

Nilikutana nayo Thika, kwenye baa moja nyuma ya soko ambapo nilikuwa nashusha kreti za soda na pombe. Wikendi bendi ilikuwa inapiga benga. Watu wote macho yao yalikuwa kwa mpiga solo, jamaa wa miwani na kurukaruka. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta nipumzike, na kuna kitu kilikuwa kinapita kwa huo ukuta kinaniingia mgongoni. Nikauliza, hiyo ni nini? Wakanionyesha mtu mnene amesimama nyuma kabisa, hata hacheki. Nikasema, basi huyo ndiye mwenye bendi. Walinicheka mpaka wakashika matumbo. Wacha wacheke. Toa hiyo besi uone kama kuna mtu atainuka kitini kucheza.

Nilinunua gitaa la besi kabla sijanunua kitanda cha maana. Mama watoto hajanisamehe mpaka leo, lakini aliolewa akiliona pale kwa kona, hakudanganywa. Nilijifundisha mwenyewe. Napiga nyimbo chache, lakini hizo nazipiga.

Mungu alitupa watoto wawili. Kijana alienda kwa kinanda. Msichana, huyo ndiye kitinda mimba, alichukua besi yangu akiwa bado hawezi kuibeba. Alikuwa anailaza kitandani na kudonoa nyuzi kama kuku anadonoa mahindi. Sasa anasoma chuo hapo Thika, na kwa besi amenipita. Si kidogo. Akipiga, mimi nanyamaza, na waulize watu wa Kiuu kama mimi ni mtu wa kunyamaza.

Wote wawili walikuwa wanapiga kanisani kwetu. Halafu tukaletewa kiongozi mpya wa timu ya sifa, kijana mtanashati wa viatu vyenye ncha. Mazoezi yake ya kwanza akasema kinanda kina besi ndani, kwa hivyo huyu dada apumzike kwanza.

Kwa asiyejua, wacha nieleze. Mpiga kinanda akishuka na mkono wa kushoto kwenye sauti nzito, anapata besi ya kuigiza. Inafanana na besi vile picha ya ugali inafanana na ugali. Na mkono wa kushoto uliotakiwa kufanya hiyo kazi ulikuwa wa kijana wangu mwenyewe.

Alhamisi akanijia dukani mzee mmoja wa kanisa, mtu wa rika langu, tulitahiriwa mwaka mmoja.

"Wakini," akaniita, vile sisi watu wa rika moja tunaitana, "usikasirike."

"Nikasirike na bado hujasema kitu?"

"Ni huyu msichana. Jukwaa ni dogo. Tena kuna wamama wanauliza, msichana na gitaa kubwa hivyo kifuani, mbele ya madhabahu, inapendeza kweli?"

"Wamama gani?"

"Wamama tu."

"Walete hapa niwauzie misumari tukiongea."

Akacheka, lakini hakusonga. "Si kinanda ni kijana wako? Hujapoteza kitu. Familia yako bado iko mbele."

Hapo ndipo nilikasirika. Ati nimetolewa mtoto mmoja nikaachiwa mmoja, niseme asante.

Sasa, spika za hilo kanisa nilizinunua mimi. Kila mtu anajua, kwa sababu huwa nawakumbusha. Mzee alipoondoka tu, nikamwambia dereva awashe lori, twende tuzitoe zote, waimbe na midomo yao. Lori lilikuwa linanguruma getini wakati msichana alitokea na mkoba wa chuo, akasimama mbele ya bampa.

"Baba, zima gari."

"Toka hapo."

"Ukizitoa, watasema hata nilipokuwa napiga, nilipiga kwa sababu ya spika zako. Unataka wakuwe sahihi?"

Dereva akaangalia juu. Mimi nikapitisha mkono dirishani nikazima. Kuna maaskari wa kaunti wamewahi kunipigia kelele nizime hilo lori na sikuzima.

Jioni tukala bila redio. Nikamwambia kijana, "Mkono wako ndio unamfukuza dada yako."

"Fathee, mimi napiga kile nimeambiwa nipige."

"Na ukiambiwa upige teke?"

"Hiyo si maneno ya mezani," mama watoto akasema. "Kula."

Msichana alimpitishia ndugu yake sukuma wiki na chumvi kama kawaida. Mimi nilitaka ampigie kelele. Hakupiga.

Jumapili alibeba besi yake kanisani. Nikamwambia, si umeambiwa upumzike? Akasema, "Kama wamenitoa, wanitoe nikiwa hapo wananiona." Nilijisikia kama nimejenga ghorofa. Akakaa mwisho wa benchi la kwaya, begi la gitaa limesimama katikati ya magoti, zipu imefungwa. Mimi nikakaa benchi ya mbele kabisa, ile ya wageni, na hakuna aliyenitoa.

Wimbo wa kwanza kijana alipiga na mikono yote miwili. Ile besi ya kuigiza ikatoka, bup, bup, bup. Watu wakapiga makofi. Yule mzee akanigeukia akatikisa kichwa, kama kuniambia, unaona? Nikaangalia mbele. Nitasema ukweli, niliogopa. Nikafikiria, watazoea. Wakimaliza Jumapili tatu hivi, hakuna atakayekumbuka kulikuwa na kitu kingine, na msichana wangu atazoea kukaa kwa hilo benchi.

Wimbo wa pili ulikuwa wa haraka, ule wa kutoa watu jasho. Ulikuwa umeshika moto wakati kijana alinyanyua mkono wa kushoto kutoka kwa kinanda, akauweka mfukoni mwa koti.

Nilidhani anatafuta leso.

Hakutoa leso. Aliendelea na mkono wa kulia peke yake, vizuri, hata noti moja hakukosa. Lakini wimbo ulikuwa umetolewa sakafu. Mpiga ngoma akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Wamama waliokuwa wanaruka wakaanza kuruka kwa adabu. Makofi yakapungua. Kiongozi wa viatu vya ncha akasogea karibu na kinanda, na kwa sababu nilikuwa benchi ya mbele nilisikia.

"Weka besi!"

"Iko hapo kwa benchi," kijana akasema.

"Weka na mkono!"

"Mkono umechoka. Ulikuwa unafanya kazi ya watu wawili."

Ngai! Nilitaka kusimama nipige kelele. Mama watoto akanishika koti kwa nyuma.

Msichana hakusonga. Watu wengi wangekimbia pale. Alikaa akingoja aitwe. Kiongozi akamfanyia ishara na kidole. Bado akakaa. Akamwita na mkono mzima. Ndipo akafungua zipu, polepole, kama mtu anayefungua duka lake mwenyewe. Akachomeka waya, akahakikisha nyuzi ziko sawa huku watu wanapiga makofi matupu, akangoja wimbo uzunguke urudi mwanzo.

Halafu akaingia.

Sitaeleza. Sisi tuko kanisa la mabati, na mabati hayajui kunyamaza. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi tangu asubuhi na fimbo yake alisimama akaanza kucheza bila kuigusa. Kama kuna wamama waliokuwa wanauliza kama inapendeza, wakati huo hawakuwa wanauliza.

Nyumbani, wakati wa chakula, nilianza kumsifu kijana, nikasema nilijua tu, damu ni yangu hiyo. Dada yake akanikata.

"Sikukuomba," akamwambia ndugu yake.

"Sikukufanyia wewe. Wimbo ulikuwa mwepesi bila besi, nilikuwa naona haya."

"Na umewahisha ule mwisho."

"Wewe ndiye ulichelewa."

Wakabishana kuhusu huo mwisho mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyeniuliza maoni yangu. Nilitoa tu.

Wiki hiyo mzee wa kanisa akarudi dukani. Safari hii alianza kwa kuuliza bei ya rangi, nikajua ametumwa alete habari nzuri ambayo haimfurahishi. Akasema wazee wamekaa, wamekubali msichana aendelee. Lakini kuna sharti. Asimame nyuma ya ngoma, pale pembeni, asionekane sana.

"Wakini," nikamwambia, "atasimama mahali waya wake unafika."

"Unafika wapi?"

"Kwa sasa unafika hapo pembeni."

Akaridhika, akaenda, hata rangi hakununua. Nikafunga duka mapema, nikampitia msichana chuoni, tukaenda kwa duka la vyombo vya muziki hapo Thika. Muuzaji akatuonyesha waya wa kawaida. Msichana akauliza kama hana mrefu zaidi. Akaleta mwingine. Msichana akaushika, akautandaza sakafuni kutoka kaunta mpaka mlangoni, akausoma kwa macho.

"Huu unafika katikati ya jukwaa," nikamwambia.

"Naona," akasema. "Mwambie alete mwingine, mrefu kushinda huu."