Boti ya Injini Mbili

Kaka yangu alinunua boti yenye injini mbili baada ya kusikia mlio wa moja. Kwa sababu ya boti hiyo, kibanja chetu cha Kagoma, shamba la ukoo alimozikwa baba na anamoishi mama hadi leo, kimo mikononi mwa mtu mwingine. Nilikuwepo siku ya kununua, nilikuwepo siku ya kuuza kibanja, na juma lililopita nilikuwa tena Kagoma. Naandika kwa mpangilio wake, maana kila jamaa anayesimulia jambo hili huanzia pale panapomfaa.

Kaka hununua kahawa ya maganda kwa wakulima wa Muleba na kuipeleka Bukoba mjini. Hana haja ya kumwaga gunia chini ili alikague. Huingiza mkono, huchota konzi moja ya kahawa na kuitikisa karibu na sikio. Punje zikigonga ndani ya maganda, kahawa imekauka, na gunia zima linapita. Zikinyamaza, gunia linarudi kuanikwa. Anapoinamisha kichwa hivyo, wakulima wote hunyamaza, hata waliokuwa wakigombana. Sijapata kusikia kwamba sikio lile lilimdanganya kwenye kahawa.

Boti ilikuwa ya Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga shamba lake arudi kwao. Ilijengwa kwa starehe. Ilikuwa na kibanda cha mbao chenye madirisha ya mviringo, vitanda vyenye magodoro, jiko dogo, hata choo chenye mlango. Rangi yake nyeupe ilikuwa imeanza kubambuka, na chini ya sakafu kulikuwa na injini mbili za dizeli, moja kila upande. Kaka alitaka kupeleka ndizi visiwani kutoka bandari ya Kemondo na kurudi na samaki wakavu. Meli kubwa haisimami kwenye visiwa vile, na mitumbwi hubeba kidogo. Mawazo yalikuwa mazuri, na mimi mwenyewe nilimwambia hivyo.

Tulikwenda kuiona siku ya mapumziko, mimi nikitokea Kahororo ninakopanga, kwa kuwa nafundisha shule ya mjini. Mzungu alitukaribisha ndani ya boti, akatupa viti na chai. Alikuwa na Kiswahili cha kuamrisha vibarua, lakini siku ile alijitahidi kuwa mpole. Akashuka mwenyewe, akawasha injini ya mkono wa kushoto. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikatulia na kupiga sawasawa. Kaka akainamisha kichwa. Pale pale nikajua kwamba tumeshanunua.

"Na hii nyingine, bwana?" nikauliza.

"Ile napumzisha," Mzungu akasema. "Ziwa nyamavu, moja natosha. Zote umri moja, kiwanda moja, siku moja."

Kaka akanigeukia, akasema kwa Kihaya ili mwenyeji asielewe, "Dada, ukibandua kahawa moja unakuta punje ngapi?"

"Mbili."

"Umewahi kukuta moja kavu na mwenzake mbichi?"

"Injini si kahawa, kaka."

"Wewe fundisha watoto. Mimi nimesikia."

Kulikuwa na jambo jingine pia. Kwetu mgeni akishakaribishwa akanywa, haombi kuonyeshwa chumba cha pili. Kikombe kilikuwa mkononi mwa kaka na kilikuwa kimefika nusu. Alikimaliza, akashukuru, wakapeana mikono.

Alichokuwa nacho hakikutosha, ndipo likaja neno la kibanja. Kaka ndiye mrithi wa baba. Lakini ardhi ya ukoo hutangazwa kwanza ndani ya ukoo, na aliyejitokeza ni baba mdogo, ndugu wa baba, ambaye shamba lake linapakana na letu. Walikutana uani kwetu. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ililetwa, kahawa ya kutafuna ikapitishwa katika kikapu kidogo, mashahidi wakaketi kwenye nyasi. Mama alikaa nyuma ya mlango, karibu vya kutosha kusikia. Walikubaliana kwamba kaka anaweza kukikomboa kibanja kabla ya mavuno ya pili ya kahawa kwisha. Yakiisha, kitakuwa cha baba mdogo na watoto wake, na mama atahama.

Nikasema kwamba mimi nina mshahara, naweza kuanza kukikomboa kidogo kidogo tangu siku ile. Wakacheka, bila ubaya.

"Mwanangu," baba mdogo akasema, "ukikikomboa wewe, kesho mumeo atakuja hapa kutuonyesha mpaka."

"Sina mume, baba."

"Ndiyo maana nimesema kesho."

Hata mama alicheka huko nyuma ya mlango. Mtoto wa kike hakomboi ardhi ya ukoo. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijafungua mdomo. Rubisi ikanyweka, na mambo yakawa yamekwisha.

Safari ya kwanza kutoka Kemondo nilikwenda kuiaga. Mikungu ya ndizi ilijaa sakafuni ikapanda hadi vitandani, na wachukuzi walipata la kusema.

"Tajiri, hizi ndizi utazifunika blanketi?"

"Mwacheni! Ndizi ya daraja la kwanza hiyo, ina hata choo chake!"

Kaka alicheka kuliko wote. Boti ikaondoka kwa injini ya kushoto, na kwa kuwa ilisukumwa upande mmoja, ilitaka kugeukia kulia muda wote. Kaka alishika usukani kama mtu anayemvuta ng'ombe mkaidi. Alifika visiwani na kurudi hivyo hivyo, mabega yakimuuma. Ndipo akaamua kuwasha ya pili.

Iliwaka mara moja. Ilinguruma kuliko mwenzake, ikatoa moshi mweupe mzito uliofunika gati, ikapiga kishindo kimoja ndani na kunyamaza. Haijawaka tena.

Fundi aliyeitwa hutengeneza mashine za kukoboa kahawa. Ni mtu wa Bukoba mjini, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Pwani, na ana maneno kuliko spana. Alikaa chini ya sakafu asubuhi nzima, akatoka mweusi hadi kofia.

"Bibi huyu amezaa, amelea, amezika," akasema. "Sasa nyie mnamtaka acheze ngoma."

"Atapona?" kaka akauliza.

"Huyu wa kulia, shehe wangu, mwombeeni. Wa kushoto anaweza kuishi, ila kwa nyama ya mwenzake."

Kukawa hivyo. Pampu ya dizeli ikatolewa kulia ikafungwa kushoto, kisha noseli, kisha mabomba. Boti ilikwenda juma moja, ikalala majuma mawili. Ndizi ziliivia vitandani. Mwenye duka la vipuri, Mhindi mwenye subira, aliagiza vifaa kupitia Kisumu. Vilipofika vilikuwa vya injini changa zaidi, vinakaribia kuingia lakini haviingii. Akaulizia tena, akajibiwa kwamba kiwanda hakitengenezi tena vya umri ule. Mzungu alikuwa amekwisha kuondoka. Mpaka leo sijui kama aliujua ugonjwa wa injini ile au kama kweli alikuwa akiipumzisha. Kaka hapendi niulize.

Mavuno ya kwanza yakapita. Ya pili yalipoanza, injini ya kushoto nayo ikapasuka kichwa cha silinda, na katika mwenzake hakukuwa na nyama iliyobaki. Kaka alirudi kununua kahawa, lakini kwa kazi ya kutumwa na wenzake, kwa kuwa mtaji wake umefungwa kwa kamba pale Kemondo. Bado huinamisha kichwa na kusikiliza. Wakulima hawanyamazi kama zamani.

Juma lililopita nilikwenda Kagoma. Nilimkuta mama ameketi kando ya machipukizi ya migomba aliyokuwa ameyang'oa ili ayahamishe. Yalikuwa yameanza kunyauka.

"Mawe," nikamwita mama kwa Kihaya, "mbona hujapanda?"

"Nimpandie nani, mwana wange?"

Nikamsaidia kuyatia kivulini, nikayafunika majani.

Kahawa yote ya kibanja ilikuwa imechumwa na kuanikwa, isipokuwa mbuni mmoja ulio karibu na kaburi la baba. Ulikuwa umejaa, mwekundu mpaka matawi ya chini. Nilidhani umesahaulika, nikachukua kikapu.

"Acha," mama akasema. "Walisema mavuno yakiisha. Hayajaisha."

Jioni baba mdogo alipita, kama anavyopita siku hizi. Mama alimpa kahawa ya kutafuna. Akatafuna, akasalimia, akaniuliza habari za shule. Kisha akasimama mbele ya mbuni ule akautazama sana.

"Shemeji," hatimaye akasema, "kahawa hii itakukaukia mtini."

"Naona, waitu," mama akajibu kwa heshima ya Kihaya. "Mgongo unaniuma. Nitaichuma nikipata nguvu."

Hakucheka, hakukasirika. Alitema maganda, akaaga, akaondoka kwa njia ya mpakani. Iwapo amekubali au amekwenda kuwaita mashahidi wa siku ile, hakuna aliyetuambia.

Asubuhi nilipotoka kufuata lori la kurudi Bukoba, nilipita kaburini. Kahawa za juu zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, na chache zilikuwa zimeanguka kwenye majani. Matawi ya chini yalikuwa bado mekundu.