Mama Mkwe Ananyonya Saa Nne

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amebakisha kama miezi miwili afikishe mwaka nilipoitwa kurudi kazini. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva mashambani upande wote wa chini ya Gatitu, na kiwanda cha kuosha kahawa kilitaka wanawake wake warudi. Aliyeniletea habari ni mwenzangu wa meza, alipita kwetu akitoka sokoni.

"Ni Jumatatu," akasema. "Asiyefika Jumatatu, mahali pake panapewa mwingine. Wanawake wamejaa pale langoni kama siku ya kugawa mbegu."

Jina lake ninalo mpaka leo. La nyapara ninalo, na ya wote waliosimama kwenye zile meza ninayo, nikianzia langoni mpaka kule kwenye mfereji. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo kichwa ndicho kilikuwa daftari langu. Lakini hapa sitaandika jina la mtu. Wajukuu wao wako, na wengine wanapenda kulalamika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kahawa ikishatolewa ile ngozi nyekundu na kuoshwa, inamwagwa ikiwa bado na maji juu ya meza ndefu za waya, ili ikauke. Sisi tulisimama wawili wawili, mmoja huku na mwingine ng'ambo ya meza, tukiipitisha vidoleni na kutoa iliyovunjika na iliyotobolewa na wadudu. Mvua ikinukia tu, tunakimbia kufunika. Niliipenda sana kazi ile. Pesa ilinisaidia, siwezi kudanganya, lakini hata ingekuwa kidogo zaidi bado ningeitaka. Ni kazi ambayo mikono ina shughuli na mdomo uko huru, na mimi nilikuwa nimekaa karibu mwaka mzima nikiongea na mtoto na ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Shida ilikuwa mtoto. Hakutaka kitu duniani isipokuwa ziwa langu. Uji wa wimbi alitema, ndizi ya kupondwa alitema, viazi alivishika tu akavipaka kichwani. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, Naro Moru. Mume wangu alikuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya Timau, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hivyo wa kubaki na mtoto alikuwa mama mkwe.

Hapo lazima nieleze jambo moja. Kwetu, msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Na hapewi jina peke yake, yeye ndiye huyo nyanya, amekuja tena. Kwa hivyo mimi nilikuwa na mama mkwe wawili katika boma moja, mmoja akiota meno na mwingine yakimng'oka. Na yule mkubwa hakuliona kama jambo la mzaha. Nikimwosha mtoto asubuhi, alikuwa anasema, "Leo umeniosha na maji baridi." Nikimfunga vizuri mgongoni, anasema, "Sasa nimesikia joto." Siku akiwa na furaha aliniita mama yake, kwa sababu, ati, mimi ndiye nilimzaa. Mume wangu naye akifika kutoka Timau, alikuwa anainama juu ya mtoto na kumwambia, "Mama, umekuwa mzima?"

Jumatatu niliondoka jua halijatoka. Kufika saa nne maziwa yalikuwa yameanza kutoka yenyewe, blauzi imelowa mpaka kiunoni. Mwenzangu akaniangalia kutoka ng'ambo ya meza.

"Wewe," akasema, "hii kahawa ilishaoshwa. Usiioshe mara ya pili."

Jioni nilikuta mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, kitambaa cha kichwa kimeenda upande.

"Nimeshinda njaa," akasema.

"Pole, Mama. Nilikuwa nimekuachia chakula kwa sufuria."

"Hicho nilikula. Nasema mimi huyu," akamnyoshea mtoto kidole.

Jumanne ikawa vilevile, na mtoto alianza kulegea. Nikaona wazi kwamba hali ikienda hivyo mpaka Ijumaa, kazi nitaiacha, na nikiiacha sitaipata tena. Mwenzangu alinipa shauri ambalo wanawake wengi walikuwa wanalifuata. Paka shubiri kwenye ziwa, akaniambia, siku mbili tu, mtoto atalichukia na atakula uji kama mtu mwingine.

Jioni ile nikakata jani la shubiri kando ya njia. Nilikaa nyuma ya jiko, nikafungua vifungo, nikalikamua. Mama mkwe akatokea na mzigo wa kuni.

"Hiyo ni nini?"

"Ni shubiri, Mama."

"Unapaka wapi?"

Alikuwa anaona mwenyewe.

Akatua kuni polepole. "Kwa hivyo unataka kunilisha shubiri. Mimi. Na huu uzee wangu."

"Si wewe, Mama. Ni mtoto."

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

Kweli, sikuwa nimefikiria. Mtoto mwenye jina lingine ningempakia na hakuna mtu angesema kitu. Lakini huyu, ilikuwa ni kama kumtilia mama mkwe uchungu kwenye kikombe, tena katika boma lake. Nilitupa lile jani, nikajifuta na maji, nikamwomba msamaha. Halafu nikamwambia, "Basi kazi nitaacha."

Alikaa juu ya kuni zake, akatoa tumbaku, akavuta puani, akapiga chafya mbili.

"Nani amekwambia uache kazi?" akasema. "Mimi nataka kunyonya. Nataka kunyonya saa nne, halafu jioni ukirudi. Hapo katikati nitajaribu huo uji wenu."

"Mama, saa nne mimi niko kiwandani."

"Njia naijua."

Usiku huo nililala vibaya, kwa sababu kulikuwa na sheria. Msimu uliotangulia, mtoto wa mwanamke mmoja alipandishwa juu ya meza ya kahawa nzuri kuliko zote, akaikojolea. Tangu siku hiyo watoto walikatazwa kabisa, na mama aliyeonekana na mtoto alirudi naye nyumbani moja kwa moja.

Kesho yake saa nne nikamwona mama mkwe. Alikuwa anapanda njia ya langoni na fimbo yake, kikapu cha kiondo kimening'inia begani, mtoto mgongoni ndani ya ngoi, ile nguo nzito ya kubebea watoto. Kilio cha mtoto kilifika kabla yao. Nyapara akatoka kwenye kivuli cha ghala. Alikuwa mtu mkubwa, koti la kaki, penseli sikioni, na sauti ambayo hata punda wa kubeba kahawa walikuwa wanaitii.

"Cucu," akamwambia, ndivyo tunavyoita nyanya kwetu, "watoto hawaingii hapa."

"Sijaleta mtoto. Nimeleta mama mkwe wa yule pale."

"Mama mkwe wake si ni wewe?"

"Tuko wawili."

Meza ya kwanza wakaanza kucheka. Nyapara akageuka, wakainama.

"Cucu, hapa ni kiwanda, si kliniki. Mwaka jana wakikojoa, mimi ndiye niliitwa ofisini. Hata mama yangu mzazi akija leo, hapiti."

"Mama yako mzazi anaitwa nani?"

Nyapara ni wa huku huku, alikuwa ameshaona anapelekwa wapi. Alituangalia, sisi tukaangalia kahawa. Hakuna mkono hata mmoja uliokuwa unachagua kitu. Mwishowe alilitaja jina la mama yake, kwa sauti ndogo, na lilikuwa lile lile la mama mkwe, na la mtoto. Hilo halikunishangaza. Majina ya wanawake kwetu si mengi. Ukiita moja sokoni, nusu ya soko inageuka.

Mama mkwe alifungua ngoi, akamleta mtoto mbele. Uso wote ulikuwa machozi na kamasi.

"Haya," akasema. "Mwambie wewe mwenyewe kwamba hapiti. Mimi nitasimama kando."

Mtoto alimwangalia yule mtu mkubwa. Mdomo ulikuwa unatetemeka. Halafu akanyosha mkono, akachukua ile penseli ya sikioni, akaitia mdomoni. Nyapara akavua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

"Mama," akasema, "umeamkaje?"

Mtoto akaitafuna penseli.

"Dakika kumi," nyapara akamwambia mama mkwe. "Na ni huko nje ya ile kamba inayozunguka meza. Na mkojo wote uende kwa majani."

"Tutajaribu."

Akanigeukia mimi. "Na wewe unangoja nini hapo? Mama ana njaa."

Nilikaa juu ya debe lililopinduliwa, karibu na ua, nikamnyonyesha. Alinyonya kama mtu anayedai haki yake, jicho moja kwangu na jingine kwa penseli. Alipomaliza, mama mkwe alimpa uji kwenye kifuniko cha chupa ya chai, na kwa mara ya kwanza akameza vijiko vitatu. Siku ya pili vikawa sita.

Wiki iliyofuata mwanamke wa meza ya pili alileta mtoto wake. Nyapara akapaza sauti, "Na huyu naye ni nani?" Wakamwambia, "Ni shangazi yako mkubwa." Alihesabu kwa vidole, akaenda zake ghalani. Hakuuliza tena.

Mwisho wa mwezi mume wangu alifika kutoka Timau, akakuta nyumba imefungwa, akatufuata kiwandani na mfuko wa unga wa ngano begani. Alimsalimu mama yake, halafu akainama kumchukua mtoto.

"Mama, wanakulisha kweli?"

"Huyo ni mama yangu," nyapara akasema.

"Wako kutoka lini?"

"Huko nje ya lango ni wako. Hapa ndani ni wangu, na saa yake ya kula naijua kuliko wewe."

Mume wangu aliniangalia kama ndugu aliyeongezewa ndugu bila kuambiwa. Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Ikafika mwezi wa kumi na mbili, kahawa iko karibu kuisha, na mtoto amebakisha siku chache tu kufika mwaka. Asubuhi moja, saa nne, nilifuta mikono, nikakaa kwenye debe, nikafungua vifungo. Mama mkwe alikuwa pembeni akimenya ndizi ya kuchoma. Mtoto aliliangalia ziwa. Akaiangalia ndizi. Akalisukuma ziwa na kiganja, bila hasira, kama mtu anayesogeza sahani akishashiba, na akajitupa upande wa nyanya yake.

Nilijaribu kumrudisha. Alikaza shingo.

"Usinilazimishe," mama mkwe akasema. "Sasa nataka ndizi."

Nyapara akapita, akasimama. "Leo hanyonyi?"

"Ameacha."

"Nani amemwachisha?"

"Mtu mzima haachishwi," mama mkwe akamjibu, akimkatia mtoto kipande. "Anaacha mwenyewe."

Nilifunga blauzi. Zilikuwa zimebaki kama dakika saba katika zile kumi zangu, na sikujua nizifanyie nini, kwa hivyo nikarudi mezani. Mwenzangu alikuwa amevuta rundo langu upande wake ili nisipitwe. Aliniuliza kama nalia. Nikamwambia ni vumbi.

"Vumbi gani?" akasema. "Kahawa si imelowa maji hii?"

Tukacheka wote wawili, na nikavuta rundo langu nikaendelea kuchagua.