Watoto Waliotumwa Mtoni

Madame Emilienne alikuwa na ndoto moja, na aliiota hata mchana, chaki mkononi: darasa lenye njia kati ya madawati, naye anapita polepole, anainama kwa kila mtoto, anasikia anavyosoma. Halafu chaki inamkatikia, anashtuka. Mbele yake wapo watoto mia moja na kumi na wawili wa mwaka wa kwanza, wanne wanne kwenye dawati, wengine juu ya matofali waliyoleta kutoka kwao, na vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha kama unga wa muhogo.

Alizaliwa Lusangi, kwa watu wa jembe. Baba yake alimleta shuleni Kasongo kwa baiskeli, mtoto kama bubu, hata jina lake hakulitaja. Lakini darasa lilikuwa dogo siku zile. Mwalimu alimfikia, akainama, akamwambia, "Soma kwa sikio langu." Ndoto yake ilianzia hapo. Sasa amefundisha miaka kumi na tisa, na kila mwaka unapoisha kuna watoto ambao hajawahi kusikia sauti zao. Mwaka huu alikuwa Soraya, anayekaa juu ya tofali lake karibu na mlango.

Ndipo sendika, chama cha walimu, kikapata kikao na mkubwa wa ofisi ya masomo. Walimu walitaka waandikiane naye mkataba: darasa lisizidi watoto hamsini na watano, na likizidi, liletewe mwalimu wa pili. Wakamchagua Emilienne awasemee. Kikao kingefanyika mle mle darasani mwake.

Asubuhi ya siku hiyo shule ilifagiwa kama ya kupokea harusi. Direkta Zakaria, mkuu wa shule, alileta kiti cha mgeni, kikayumba. Akachukua tofali lililokuwa karibu na mlango, akalisukuma chini ya mguu mfupi wa kiti. Kisha akapiga makofi.

"Madame, mugeni iko njiani. Nusu waende mto!"

Emilienne, mawazo yake mbali, akanyoosha kidole na kugawa darasa, kama kila mara wakubwa walipokuja. Watoto sitini, Soraya mmoja wao, walichukua bidoni, madumu ya maji, wakaondoka wakiimba. Ndiyo ilikuwa adabu ya shule: mgeni haonyeshwi chumba kilichofurika, kama asivyoonyeshwa sufuria chafu.

Mkubwa alifika kwa pikipiki, akaketi, akatembeza macho darasani, akafungua faili.

"Madame, munalia nini? Ripoti ya miaka mine yote inasema makumi tano na mbili, makumi tano na tatu. Na leo naona vile vile. Hapa chini, sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu, Mukubwa."

"Basi darasa yako iko muzuri kuliko ile nilisomea mimi!"

Walimu waliosimama ukutani waliinamisha vichwa. Léocadie wa mwaka wa pili akanong'ona, "Tumejifunga kamba sisi wenyewe."

Emilienne akageukia dirisha. Kutoka mtoni ulikuja wimbo, mwembamba, kana kwamba unatoka mwaka mwingine.

"Mukubwa," alisema, "tulikudanganya. Kila ukija, tunawaficha."

Zakaria akakohoa. "Madame iko na homa kidogo."

"Sina homa, Direkta. Niko na watoto makumi sita mtoni."

Akatoka hadi ukingo wa uwanja, akawaita. Wakaja na bidoni vichwani, maji yakiwadondokea mabegani, wakaingia, wakazidi kuingia, wakajaza madawati na sakafu mpaka miguuni pa mgeni. Mmoja akakaa juu ya kiatu chake. Soraya peke yake alibaki amesimama mbele ya kiti, akitazama chini.

"Papa," akasema, "tofali yangu iko chini ya kiti yako."

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya njiwa. Mkubwa alimtazama, akainuka, akalichomoa tofali kwa mkono wake. Kiti kikalala upande, wala hakuna aliyekisimamisha.

"Leteni karatasi," akasema, amesimama kwa mguu mmoja kwa kukosa pa kuweka wa pili. "Tunahesabu upya, halafu tunaandikiana."

Karatasi ikaletwa. Mkubwa alisubiri, na walimu wakasubiri. Emilienne alikuwa ameinama karibu na mlango, pale Soraya alipokaa tena juu ya tofali lake.

"Sema tena," alimwambia Soraya. "Sema kwa sikio langu."