Jiwe Lisilozama

Miaka thelathini na tano Bi Mwanapili alisugua miguu ya maharusi, na katika miaka yote hiyo hakupata kumpa mtu mguu wake mwenyewe. Visigino vyake alivisugua kwa mikono yake, mlango umetiwa komeo, na unga uliotoka akauzoa kwa kitambaa hadi chembe ya mwisho. Mwenyewe akijiita mwangalifu. Majirani zake wa Gombani walikuwa na neno jingine, ila hawakulisema akiwapo.

Na tusimcheke. Kazi yake ya usomo, ya kumwandaa na kumfunda biarusi, ndiyo iliyomfunza hivyo. Jiwe likishasugua mguu wako limebeba ngozi yako, na mwenye ngozi yako kakushika wewe mzima. Ndiyo maana somo mwenye adabu, akimaliza kumsugua biarusi, huukusanya ule unga na kumpa mama mtu mkononi. Maji ya miguu nayo hayamwagwi njiani yakakanyagwa. Bi Mwanapili aliyamwaga katika kisima kikongwe nyuma ya nyumba yake, kisima kilichokauka tangu hajazaliwa.

Sasa mwezi wa Januari, baada ya sala ya adhuhuri, mwanamke kijana akapiga hodi. Alivaa baibui na viatu vya raba, na mkononi ana ndoo.

"Assalamu alaykum, Bi Mwanapili. Mie Safaa, binti Haroub wa Wete. Nasomesha chuo kikuu huko bara."

"Wa alaykum salaam. Ndoo ya nini?"

"Natafuta mawe ya kusugulia miguu. Yale mepesi ya kuokotwa pwani, ya zamani."

"Dukani yamejaa."

"Ya dukani yametengenezwa kiwandani, bibi. Mie nataka yaliyotapikwa na mlima wa moto, yakaelea baharini mpaka huku kwetu. Siku hizi pwani ni haba, lakini kinamama mnayo majumbani."

"Na ukishayapata, wayatendani?"

"Nayapasua," akasema Safaa kwa furaha, kama mtu aliyesema anakwenda kupika maandazi.

Bi Mwanapili akamtazama kuanzia ushungi hadi raba. Mtu mzima na elimu yake atoke bara, aache mawe yote ya dunia, aje Pemba kuomba lililosugua kisigino chako! Na si moja, ndoo nzima! "Sina," akasema, na mlango ukafungwa.

Hakuwa nalo kweli, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda chake.

Aliwahi kuwa nalo moja, la bibi yake mzaa mama, jeusi kiasi, kubwa kama ngumi, limetobolewa tundu la kupitishia kamba na limelika upande mmoja kwa vidole gumba vya wanawake watatu waliolishika mmoja baada ya mwingine. Liliondoka miaka ishirini na miwili iliyopita, katika harusi ya Saada binti Duni, na tangu siku hiyo Bi Mwanapili hajasema na Mwanawema.

Mwanawema alikuwa mwenziwe. Walicheza pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, wakashika usomo pamoja, huyu akisugua, huyu akisinga mwili kwa singo, ule mchanganyiko wa manukato. Katika harusi ile, chumba cha biarusi waliingia wao wawili tu. Siku ya saba Bi Mwanapili akalitafuta jiwe lake asilione. Akamuuliza mwenziwe mara moja, mbele za watu, kwa sauti ambayo si ya kuuliza. Mwanawema akaapa. Bi Mwanapili akasema kikulacho ki nguoni mwako. Kabla mwaka haujesha Saada akaachika, na hapo watu hawakuhitaji ushahidi tena: jiwe, walivyodhani, lina ngozi ya Saada, na jiwe liko kwa Mwanawema. Hakuna mama aliyemwita tena kumshika mwanawe. Mwishowe akahamia kwa kaka yake Wete, akasuka ukili wa mikeka.

Kwa hiyo alipokumbuka kuwa yule binti wa ndoo anatoka Wete, Bi Mwanapili alijumlisha haraka. Wete ndiko aliko Mwanawema. Nani kamtuma? Akauliza nyumba kwa nyumba nani katoa jiwe, akapata majina ya wanawake sita, akawahurumia wote sita. Siku ya kumi akavaa baibui lake akaenda kuona kwa macho yake yanakofanyiwa hayo.

Safaa alikuwa amekodi ghala la Bwana Mufaddal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Bi Mwanapili alitarajia ubani na kitambaa chekundu. Alikuta bomba la chuma lililosimamishwa wima, refu kumpita mtu, mitungi ya gesi, saa za kupimia nguvu ya gesi, na ndoo za maji zilizopangwa ukutani. Hakuridhika. Mchawi wa siku hizi naye kasoma.

"Karibu, bibi! Umekuja kuona?"

"Nimekuja kutazama," akasema Bi Mwanapili, na kwake hayo yalikuwa mambo mawili mbalimbali.

Safaa akatia jiwe moja ndani ya bomba, sehemu ya chini, akafunga, akajaza gesi taratibu mpaka mshale wa saa ukafika alipotaka. Akampa Bi Mwanapili pamba aweke masikioni. Kisha akalifungua bomba juu kwa ghafla. Bati za ghala zikatetemeka, na Bi Mwanapili akajikuta anasoma Ayatul Kursiy. Bomba lilipofunguliwa chini, jiwe halikuwapo. Palikuwa na vumbi la kijivu, laini kama unga wa visigino.

"Sikulipiga kwa kitu," akasema Safaa. "Limepasuliwa na hewa yake ya ndani. Bibi, mlima wa moto ni kama soda. Uji wake una gesi, na ukipanda juu gesi inatoka mapovu. Mapovu yakiwa na njia, gesi huvuja polepole na mlima humwaga uji wake bila kishindo. Yakiwa yamefungwa kila moja chumbani kwake, siku yakipata upenyo yanaupasua mlima mzima. Nataka kujua njia ngapi zinatosha mlima usipasuke. Wako watu wanalala chini ya milima hiyo."

"Na ngozi za watu?"

Safaa hakuelewa mwanzo. Alipoelewa hakucheka, na kwa hilo Bi Mwanapili alimpa alama moja. "Nayachemsha kwanza, bibi. Kisha nayakausha, nayaloweka, naona lipi lanywa maji na lipi halinywi. Lenye njia nyingi hunywa haraka. Hebu tazama ndoo hizi."

Bi Mwanapili akainama. Katika ndoo ya kwanza mawe yalielea. Katika ya pili mawe matatu yalikuwa yamelala chini kabisa.

"Haya siyo yenyewe," akasema kwa ukali. Kumbe anachanganya mawe! "Haya umeokota njiani. Jiwe la kusugulia halizami."

"Lazama, bibi. Likikaa kavu juu ya rafu halizami maisha, likitupwa majini laelea. Lakini ukiliacha humo siku nyingi likanywa likashiba, lazama kama jiwe lolote. Haya yamezama siku ya sita."

Bi Mwanapili akakaa juu ya mfuko wa saruji bila kukaribishwa.

Maana katika harusi ya Saada nyumba ilijaa wageni, na yeye aliogopa jiwe lisiibiwe rafuni. Akalifunga katika kipande cha pazia la nailoni, akalikandamiza ndani ya beseni la maji ya miguu, chini ya masalio ya singo, mahali ambapo hakuna mwenye akili angetia mkono. Siku sita za mwanzo alimsugua Saada kwa jiwe dogo la dukani, hili la bibi yake akiliweka kwa siku ya mwisho. Siku ya mwisho aliyatenga masalio akatazama juu ya maji tu, maana kwake jiwe hilo halizami. Hakuona kitu kikielea. Na kwa hasira yake alilibeba hadi kwake beseni lile zito, maji na matope na vitambaa, akalimwaga lote kisimani.

Njia nzima ya kurudi alijitetea. Labda Mwanawema alikuwa amekwisha kulitoa. Labda hilo la kuzama ni la mawe ya kule ghalani tu. Asubuhi akamwita Ridha, fundi wa visima, akamwambia kadondosha pete.

Ridha alishuka kwa kamba na kijembe, akapandisha ndoo baada ya ndoo: tope, vipande vya chupa za marashi, vifuu, kitana kilichovunjika. Ndoo ya kumi na moja akapiga kelele kutoka chini, "Bi Mwanapili! Pete sijaiona, lakini kuna kifurushi!"

Nailoni haiozi. Ukingo wa pazia ulikuwa bado na uzi mwekundu, mshono wa mkono wake mwenyewe. Ndani yake tundu la kamba, na upande uliolika, na kidole gumba chake kikaingia pale pale kilipozoea. Hata hapo, Mungu amsamehe, wazo lilimjia kwamba huenda Mwanawema ndiye aliyelitupa humo. Lakini lile fundo alilifunga yeye, na halikuwa limefunguliwa. Alilia palepale kando ya kisima, kwa sauti, na Ridha akadhani ni kwa ajili ya pete.

Alifika Wete kesho yake, saa nne ya asubuhi. Mwanawema alikuwa barazani anasuka ukili. Alikuwa amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe chini ya ushungi. Alimwona, na vidole havikusimama.

"Limeonekana," akasema Bi Mwanapili, akaliweka jiwe juu ya mkeka.

"Wapi?"

"Kisimani kwangu. N'lilimwaga mwenyewe, na beseni. Lilikuwa limezama. Mie sikujua kama lazama."

Mwanawema akasuka ncha mbili, tatu. "Miaka ishirini na miwili," akasema.

"Nisamehe, Mwanawema. Nipe mguu n'kusugue."

Alidhani atakataa. Angekataa yeye. Lakini Mwanawema aliweka ukili kando, akanyoosha miguu yake yote miwili mbele, kama mtoto, visigino vimepasuka kwa miaka ya kwenda peku. Bi Mwanapili akatandika kitambaa cheupe chini yake, akaomba maji, akasugua. Alisugua muda mrefu kuliko alivyopata kumsugua biarusi yeyote, na machozi yake yalianguka juu ya mguu wa mwenziwe bila kufutwa.

Alipomaliza aliukusanya unga wote, hakubakisha chembe. Akakikunja kitambaa mara nne, akakitoa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mama wa biarusi.

Mwanawema hakukipokea. Alikuwa amekwisha kuurudia ukili wake.

"Mwaga tu," akasema.

"Wapi?"

"Popote. Weye ndo ulokuwa wachelea ngozi yako. Mie sikupata kukudhania kitu."

Bi Mwanapili akabaki amepiga magoti pale barazani, kitambaa mkononi, hajui akipeleke wapi.