Suruali ya Mabaka Mbele ya Hajji

Mnicheke tu, maana hata nikinyamaza mke wangu Zaituni atawasimulia mwenyewe, na yeye huongeza chumvi. Ni siku niliyovuliwa suruali mbele ya baba mkwe (wakati huo bado hajawa mkwe, ndiyo maana roho ilikuwa juu juu), Idi pili, kwenye ile hifadhi ya wanyama juu ya Mbale ambako watu wa mjini hupanda kutazama ndege na nyani na kula pilau kwenye nyasi.

Hajji, baba yake Zaituni, alitaka kuniona kwanza kabla ya kujibu posa. Zaituni akanipigia simu Jinja, akaniambia nivae rangi ya majani kwa sababu ndege wa kule wanaogopa rangi kali. Basi mimi, muuza vitambaa mzima, nikaenda kwenye mitumba nikanunua suruali ya mabakamabaka. Muuzaji aliitoa chini kabisa ya robota huku akiangalia kushoto na kulia, nami sikujiuliza kwa nini. (Mganda gani hajui kwamba raia havai mabaka ya jeshi? Nilijua! Nilijiambia haya ni ya Wazungu, ya kuwindia bata.)

Utamu ulianza langoni, nilipofika na Hajji na familia yake. Foleni ndefu, familia tele na masufuria yao, mlinzi akaniona, akakaza miguu, akapiga saluti. "Jambo afande! Pita, pita na watu yako!" Hapo ndipo ningesema, bwana, mimi nauza vitambaa, lakini nilimwona Hajji ananikodolea macho, nikadhani ni heshima, kifua kikajaa, nikaitikia saluti (kwa mkono wa kushoto), tukawapita wote.

"Kumbe wewe ni jeshi?" Hajji akauliza polepole.

Nikatabasamu tu kijinga.

Pilau imeshapakuliwa, wakatokea wanajeshi wawili wa doria, hao wa kweli kabisa. "Afande, wewe kikosi gani?"

"Kikosi cha... Jinja."

"Jinja wapi?"

"Pale... karibu na soko."

"Toa hiyo suruali. Sasa hivi!"

Nikaomba kwenda kichakani, wakakataa wakidhani nitatoroka (nilikuwa nimepanga hivyo hivyo), ikabidi mama Zaituni, mama mkwe ambaye kwetu hata mkono humshiki, avute leso tuliyokalia, sahani zikabiringika, anizungushie huku amegeuza uso, nami nikavua, nikiomba msamaha kwa Kiswahili, Kisoga na Kiganda, machozi yakinitoka mbele ya umati uliokuja kutazama ndege.

Wakaondoka na suruali. Nikajua Zaituni nimemkosa, na sikuthubutu hata kumwangalia. Hajji alikuwa ameinama, mabega yakimtikisika, nikadhani ni hasira. Kumbe mzee anacheka mpaka kofia imeanguka.

"Mwanangu," akasema akifuta macho, "zamani zile za utawala wa jeshi, wanajeshi walichukua duka la baba yangu lote, mimi mtoto nikitazama. Tangu pale langoni nilikuwa nimeshaapa, binti yangu haendi kwa mtu wa mabaka. Sasa nimekuona unalia ndani ya leso ya mke wangu. Wewe si jeshi hata kidogo. Kula, halafu ulete wazee wako."

Nimeoa, alhamdulillahi, na nimeapa kwamba mtu akinidhania nisivyo, namkatalia papo hapo kabla sijaanza kufurahi. Hifadhini tunakwenda kila Idi, ila hatupandi gari mpaka Hajji anikague suruali.