Nyumba ya Elinah pale Kwapa

Mwezi wa nne mwaka 1966, karani wa gombolola, yaani tarafa, ya Kwapa alibandika karatasi kwenye mlango wa ofisi yake. Waliojua kusoma waliisoma kwa sauti, na habari ikamfikia Leonida Akiteng shambani akipalilia wimbi. Karatasi ilisema kwamba nyumba ya matofali iliyo kando ya barabara ya Malaba haina mwenyewe anayejulikana, na kwamba Bwana Patroba, mnunuzi wa pamba, ameomba apewe yeye. Mwenye neno alilete mbele ya kamati ya ardhi kabla siku tisini hazijaisha.

Akiteng aliegemea jembe lake. Nyumba hiyo isiyo na mwenyewe ndiyo aliyotoka asubuhi ile, na ndimo binti zake watatu walimokuwa wakimsubiri na uji.

Alikuwa mjane wa miaka thelathini na minane, mrefu, mwenye sauti nzito aliyoirithi kwa mama yake Elinah. Huyo Elinah alikuwa mtu wa ajabu kwetu. Alifundisha maksai wa kulima, kazi ya wanaume, na aliwafundisha kwa sauti tu, bila kiboko. Watu walileta ndume wao wakorofi kutoka mbali, na baada ya mwezi mmoja wakawachukua wakiwa wapole kama mbuzi. Elinah alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Karatasi yoyote aliyokuwa nayo kuhusu nyumba, mchwa walikuwa wameimaliza zamani.

Mdogo wake Akiteng, Omaido, alikuja jioni ile kumpa pole kana kwamba kuna msiba.

"Dada, huyu mtu ana lori mbili na anakula meza moja na wakubwa," alisema. "Wewe utampelekea nini? Jembe? Njoo ukae kwangu na watoto."

"Nampelekea watu," Akiteng akajibu.

"Watu gani?"

"Nyumba haikai tupu miaka arobaini. Kuna aliyeijenga, kuna waliolala ndani yake. Mimi nakwenda kuwatafuta, mmoja mmoja."

"Wengi wamekufa."

"Waliobaki watasema."

Alianza na aliyeweka matofali. Mama yake alikuwa akimtaja fundi mmoja Mpadhola, Odoi wa Nabuyoga. Akiteng alitembea kutwa nzima, akiuliza njiani, hadi akamkuta mzee wa karibu miaka sabini akisuka kikapu mbele ya mlango, sikio moja limeziba kabisa.

"Nani alijenga ile nyumba ya Kwapa?" Akiteng aliuliza kwa sauti kubwa.

"Mimi!" Odoi akanyanyua mikono yake yote miwili. "Kwa hii. Mwaka ule reli ilipofika Tororo. Mzungu wa reli, Bwana Risi. Mtu mfupi, mwimbaji. Nilimwita Mwingereza siku moja, akanirudisha nyumbani kwa siku tatu! Akasema, 'Odoi, mimi ni mtu wa Welisi. Mwingereza ni jirani yangu, na si jirani mzuri.' Alitaka nyumba kama ya baba yake huko kwao. Kuta nene, madirisha madogo, mlango mfupi. Na dohani ya kutolea moshi wa meko. Nikamwambia, Bwana, hapa hakuna baridi. Akasema, jenga."

"Dohani naikumbuka," Akiteng alisema. "Ilipigwa na radi mwaka wa arobaini na nne. Mama akaibomoa, akaziba na meko."

Uso wa mzee ulikunjamana kama aliyeambiwa mtoto wake amekufa. Kisha akaendelea. Mahali pa kujenga Bwana Risi alipewa na wazee wa ukoo, akawachinjia ng'ombe wawili. Reli ilipokwisha alihamishiwa kwingine, na nyumba akamwachia Vasanji, Mhindi aliyekuwa akimletea saruji na mabati.

"Na Vasanji alikwenda wapi?"

Odoi hakujua. Lakini alijua ajuaye: mwalimu Nashon, aliyewahi kupanga chumba kimoja cha nyumba ile wakati akifundisha shule ya kanisa, na sasa amestaafu huko Sikuda.

Akiteng alirudi nyumbani, akapalilia wimbi kwa juma zima, kisha akaondoka tena. Alimkuta Mwalimu Nashon katikati ya mibuni ya kahawa yake, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipotaja jina la Elinah, mwalimu alivua kofia.

"Mama yako alinipa chumba cha kushoto miaka mitatu," alisema. "Kila Krismasi nilimpelekea jogoo, naye alinirudishia kuku mwenye vifaranga. Hakuna siku niliyosikia mtu akisema nyumba ile si yake."

"Aliipataje, Mwalimu? Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Nakumbuka tulihama tu, tukaingia."

"Mimi nilikuja baadaye. Lakini Vasanji alihamia Busia, upande wa Kenya. Mzee amefariki. Mkewe bado yuko, ana duka la vitambaa." Mwalimu akainuka, akachukua kalamu na daftari. "Twende. Utahitaji mtu wa kuandika."

Walivuka mpaka kesho yake, siku ya soko, wakipita katikati ya wanawake wenye ndizi na wanaume wenye baiskeli za samaki. Duka lilikuwa dogo, na ndani yake alikaa bibi mwembamba mwenye nywele nyeupe pepe. Watu walimwita Mama Jamna. Hakuwasikiliza sana mwanzoni. Alidhani wanataka kupunguziwa bei ya kanga.

Akiteng akasema, "Mimi ni mtoto wa Elinah wa Kwapa. Mama wa maksai."

Bibi yule aliuachia mkasi. Alimtazama Akiteng kuanzia miguuni hadi usoni, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole vyake: "Waziri. Polisi. Jumapili. Sukari."

Akiteng aliyatambua. Hayo yalikuwa majina ya maksai wanne wa kwanza wa mama yake, ambao yeye mwenyewe, akiwa mtoto, aliwapelekea maji. Siku moja walipotea zizini, na mama alipoulizwa alisema tu, "Wamekwenda kazi."

"Sukari alikuwa mwizi," Mama Jamna aliendelea huku akicheka na kulia. "Alikula mapazia yangu! Ndio waliovuta gari letu la mizigo mpaka hapa Busia. Mume wangu alimwambia Elinah, mimi nahama, sina wa kunivutia mizigo wala pamba. Nipe hao wanne, chukua nyumba. Elinah akasema, nipe siku mbili nizungumze nao. Si na watu, na maksai!"

Aliingia chumba cha nyuma, akakaa huko muda mrefu, akatoka na picha iliyobandikwa kwenye karatasi ngumu. Vasanji alikuwa ameleta mpiga picha kutoka Tororo siku ya kuhama. Ndani ya picha kulikuwa na gari la kukokotwa lililojaa masanduku, maksai wanne, na mbele yao mwanamke kijana ameshika kamba, amekaza uso. Nyuma yao ilisimama nyumba, na juu ya paa, dohani. Mgongoni mwa picha kulikuwa na mistari mitatu ya Kigujarati.

"Imeandikwa nini?" Mwalimu Nashon aliuliza, kalamu tayari.

"Siku ya kuhama, mwezi wa nane, 1940. Nyumba kwa Elinah. Maksai wanne kwetu."

Akiteng aliishika picha ile kwa mikono miwili. Hakuwahi kuona picha ya mama yake. Alikaa chini kwenye sakafu ya duka, kati ya marobota ya vitambaa, na wateja wakamzunguka kwa adabu mpaka aliposimama mwenyewe.

Kamati ya ardhi ilikaa mwezi wa saba katika ukumbi wa gombolola. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ilukor, mtu wa maneno machache. Patroba alikuja na suti na shahidi mmoja, mzee aliyeitwa Jared. Akiteng alikuja na watu kumi na mmoja. Odoi alifika juu ya baiskeli ya mjukuu wake. Mwalimu Nashon alikuwa na daftari. Walikuwapo wafanyakazi wawili wa reli waliowahi kulala katika ghala la nyumba hiyo, na wanawake watano waliojifungulia katika nyumba ile kwa msaada wa Elinah, mmoja wao, Selpher, akiwa na kijana mwenye ndevu ambaye ndiye aliyezaliwa. Mama Jamna alifika mwisho, kwa gari la binamu yake, amevaa sari ya kijani. Ukumbi mzima ulisimama kumtazama.

Patroba alisema kwanza. Kwa maneno yake, Mzungu alipoondoka alimwachia nyumba marehemu baba yake aitunze. Hapakuwa na Mhindi yeyote. Elinah aliingia baadaye, bila ruhusa ya mtu.

Jared akaunga mkono. Alisema aliishi humo na baba yake Patroba mwaka wa thelathini na sita. "Nyumba ni ile ile," alisema. "Tangu Mzungu aondoke haikuguswa hata tofali moja."

Akiteng aliomba ruhusa ya kuuliza swali. Wanaume wawili wa kamati walitazamana, lakini Mzee Ilukor alitikisa kichwa kukubali.

"Mzee Jared, shikamoo. Asubuhi za mvua, nyinyi mliota moto wapi?"

"Nje, kwenye mafiga, kama watu wote."

"Ndani hamkuwa na mahali pa moto?"

Jared alicheka. "Binti yangu, nani anawasha moto ndani ya nyumba ya matofali? Tungekufa kwa moshi."

Odoi, ambaye hakusikia vizuri, alimwuliza jirani yake alichosema Jared. Alipoelezwa alipiga fimbo sakafuni mara tatu kwa hasira.

Ndipo picha ikatolewa. Ilipita mkononi mwa kila mjumbe. Patroba aliitazama kwa haraka, akasema nyumba kama zile zipo nyingi, hiyo huenda ni ya Kenya, na maandishi ya Kihindi kila mtu anaweza kuyasemea atakavyo. Mzee Ilukor hakubishana naye. Alimtuma karani kwa baiskeli hadi Tororo, kwa Mhindi mmoja mwenye duka asiyejua lolote kuhusu kesi, amsomee maandishi yale. Kisha akainuka. "Karani akirudi atukute huko kwenye nyumba," alisema.

Tulikwenda wote. Sisi watu wa Kwapa ambao tulikuwa tumeogopa kutoa ushahidi, sasa tulijaa barabarani. Odoi aliingia chumba kikubwa, akapapasa ukuta wa mashariki kama mganga anayepapasa tumbo la mgonjwa, akasimama. "Hapa," alisema. "Vunjeni plasta."

Omaido, mdogo wake Akiteng, ndiye aliyechukua sururu. Pigo la kwanza liliangusha vumbi tu. La nne liliangusha kipande kikubwa kama sinia, na nyuma yake likaonekana tao la matofali, limepangwa kwa ustadi, na ndani ya tao lile masizi meusi ya moto wa Bwana Risi.

Odoi aliingiza mkono, akautoa mweusi, akauonyesha kwa Jared. "Wewe uliishi humu?" aliuliza. "Ulikuwa umefumba macho?"

Jared aliangalia miguu yake. Alipoulizwa tena na mwenyekiti, alikiri kwamba hakuwahi kulala katika nyumba ile hata usiku mmoja. Karani alirudi na jasho likimtiririka, akasoma kutoka kwenye kijikaratasi: nyumba kwa Elinah, maksai wanne kwetu. Neno kwa neno. Patroba alivaa kofia yake, akaenda zake bila kuaga, na vigelegele vya akina Selpher vikamsindikiza hadi kwenye lori.

Kazi ilibaki moja. Juma lililofuata Akiteng alikwenda ofisini Tororo kuandikisha. Karani wa huko alifungua kitabu, akachovya kalamu.

"Jina la mwenye nyumba?"

"Leonida Akiteng."

"Nauliza jina la mwanamume. Una kaka? Mjomba?"

Omaido alikuwa amesimama pale pale. Wangekuwa wengi ambao wangenyamaza wakaandikwa wao. Yeye alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi nilimwambia aache," alisema. "Hakuniuliza wala hakuacha. Andika jina lake."

Karani akasita. Akiteng aliinama mezani, na kwa ile sauti ya mama yake iliyotuliza ndume wa nchi nzima ya Teso, akamtajia jina lake polepole, herufi kwa herufi, kama Mwalimu Nashon alivyomfundisha njiani. Karani aliandika. Alipomaliza, Akiteng alimwomba alisome kwa sauti, kisha alirudie, na watu waliokuwa wamepanga foleni nyuma yake wakaanza kupiga makofi bila kujua hasa kisa chake.

Mwaka uliofuata wanawake walianza kumjia: mjane kutoka Malaba aliyefukuzwa na shemeji zake, msichana aliyeachiwa shamba na bibi yake. Kila mmoja Akiteng alimwuliza swali la kwanza lile lile, "Nani aliingia hapo kwanza, na nani anamkumbuka?" Kisha alifunga kitenge chake kiunoni wakaenda pamoja. Kufikia mwaka 1969 alikuwa amewasindikiza watano. Wanne walipata haki yao. Kwa kesi ya wa tano, bado walikuwa wanatafuta shahidi mmoja aliyehamia Bungoma, na Akiteng alisema viatu vyake bado vizima.